MCHEZA KWAO HUTUNZWA

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Methali hii nimeijaza katika mapengo ya mitihani tangu shule ya msingi, na mwaka huu naomba ruhusa ya walimu wetu na wenzangu niitumie kwa kazi yake hasa. Chama chetu cha Kiswahili kinajiandaa kwa safari ya likizo ya Agosti. Maoni yangu ni kwamba tusiende mbali. Tupige kambi hapa hapa, katika uwanja wa shule yetu, kando ya Barabara ya Jogoo. Asubuhi twende sokoni Gikomba na Kamukunji, mchana tuingie katika majumba ya sanaa yaliyo katikati ya jiji, na jioni turudi uwanjani tuonyeshe opera chini ya nyota. Kisha tulale kwenye mahema, tuamke, tunywe chai, twende zetu nyumbani.

Najua wengine wameshaanza kucheka. Opera? Eastlands? Eti huyu kalishwa nini! Tulieni kidogo, msomaji mpenzi, maana mwenda pole hajikwai.

Kwanza nieleze kwa nini safari ya mbali haitufai. Mwaka jana chama kilikwenda Mombasa. Sina ugomvi na Mombasa. Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593, ni mahali ambapo kila mwanafunzi wa Kiswahili angefaa kupaona kwa macho yake. Ugomvi wangu ni na hesabu. Ada ya safari ilikuwa shilingi 6,500. Wanachama tulikuwa 43. Waliokwenda walikuwa 17. Sisi 26 tulibaki mtaani tukihesabu matatu.

Likizo ilipokwisha, wanachama wote tuliambiwa tuandike insha kuhusu safari ile, waliokwenda na wasiokwenda. Jirani yangu wa dawati, ambaye mama yake huuza mandazi kituoni, aliandika juu ya bahari aliyoiona kwenye kalenda. Insha yake ikapata alama za juu kuliko zote, hata kuwashinda waliolowa maji ya chumvi wenyewe. Tulimpigia makofi. Yeye hakucheka wala hakushukuru, alikunja karatasi yake akaitia mfukoni. Tangu siku hiyo haji tena kwenye mikutano ya chama. Nasema haya kwa heshima na wala simlaumu mtu, kwani nia ilikuwa njema. Lakini chama kinachompoteza mwandishi wake bora kwa sababu ya nauli kimepata hasara kubwa, hata kama kimerudi na picha za kupendeza za ufuo.

Sasa tuje kwenye opera. Opera ni mchezo wa kuigiza ambao wahusika huimba badala ya kusema. Ilianzia Italia mwishoni mwa karne ya 16, na watu wengi huidhani ni kitu cha mabibi waliovaa lulu na mabwana waliofunga shingo kwa utepe mweusi. Kumbe huko huko Italia, katika mji wa Verona, opera huonyeshwa nje, ndani ya uwanja wa mawe uliojengwa na Warumi karibu miaka elfu mbili iliyopita. Mtindo huo ulianza Agosti 1913 kwa opera ya Giuseppe Verdi iitwayo Aida, na mpaka leo watu hukaa juu ya ngazi za mawe, kila mtu na mto wake, wakisikiliza usiku. Kwa hivyo kuiweka opera nje ya jumba si kuishusha hadhi.

Hapa Kenya pia imo. Mwimbaji Rhoda Ondeng' Wilhelmsen na mtunzi Francis Chandler wamewahi kutuletea Nairobi opera iitwayo Nyanga, ambayo kisa chake ni cha Kenya. Tena ukikaza masikio utagundua kwamba mtaa wetu unaimba kila siku. Makanga wa Barabara ya Jogoo hasemi bei, huighani. Mchuuzi wa Gikomba aliyesimama juu ya meza, nguo begani, huimba "chagua chagua" kuanzia asubuhi hadi machweo bila kukauka sauti, na anajua wapi pa kupandisha na wapi pa kushusha. Ukimwondolea nguo ukampa mwenge na upanga, amekuwa mhusika wa opera. Kitu kinachokosekana ni hadithi.

Na hadithi tunayo. Mwaka huo huo wa 1913, Muhammad Kijumwa wa Lamu alitunga Utendi wa Fumo Liyongo. Sisi sote tumesoma kisa hicho darasani. Liyongo, shujaa na mshairi, alifungwa gerezani kwa minyororo na Sultani wa Pate akingoja kuuawa. Mama yake akamtumia vyakula vitamu, na pamoja navyo mkate wa wishwa. Walinzi wakala vile vitamu, wakamwachia mfungwa mkate wa pumba. Ndani ya mkate huo mlikuwa na tupa. Ndipo Liyongo akaomba ngoma ya gungu ichezwe. Watu wakakusanyika, matoazi yakalia, wimbo ukapanda, na sauti ya wimbo ilipoifunika sauti ya tupa, yeye akakata minyororo yake akatoka.

Nauliza, ni opera gani inayozidi hiyo? Wimbo ndio uliomfungua mtu. Tena angalieni jambo moja ambalo hatulizungumzi sana tunapojibu maswali ya fasihi: Liyongo asingetoka kwa wimbo wa watu wachache. Ngoma ya watu watano isingefunika kelele ya chuma kikikata chuma. Ilihitaji umati. Ndiyo maana nasema mchezo huu haufai kuonyeshwa ndani ya ukumbi, watazamaji wakikaa kimya kwenye viti. Unafaa uwanjani, na kila aliyefika apewe kiitikio aimbe. Mtu akibaki nje, Liyongo hatoki.

Msomaji atauliza: na soko linaingiaje hapa? Linaingia moja kwa moja. Opera inataka mavazi na vyombo. Gikomba ni soko kubwa la mitumba, na wenye kuijua wanajua kwamba anayefika alfajiri beli zinapofunguliwa hupata "kamera", yaani nguo bora za kuchaguliwa, ilhali anayefika baadaye huachiwa "fagia". Sisi hatutafuti kamera. Kwa ajili ya kanzu za walinzi na shuka za wacheza gungu, fagia inatosha, na mapazia ya zamani yanatosha zaidi. Atakayemvisha Sultani kwa pesa kidogo kuliko wote atakuwa amefanya hesabu, sanaa na lugha kwa wakati mmoja, kwa sababu huwezi kununua kitu Gikomba bila kujua kusema.

Kutoka hapo ni hatua chache hadi kwa mafundi wa jua kali wa Kamukunji. Nyundo zao husikika kabla hujawaona. Hufua sufuria, toroli, majiko, na yale masanduku ya bati ya wanafunzi wa bweni, ambayo sisi wa kutwa hatukuwahi kuyanunua. Huko tutapata mnyororo na tupa ya kweli, na fundi mmoja atuonyeshe jinsi chuma kinavyokatwa, ili yule atakayeigiza Liyongo asishike tupa kama anayesugua meno. Aidha, tukiwa pale, tukumbuke kwamba jina la mahali hapo limeingia katika Kiswahili cha Kenya. Kwa sababu ya mikutano iliyofanyika katika uwanja ule, wanafunzi wa vyuo na hata wabunge wakiitana wajadiliane husema wanafanya kamukunji. Chama cha Kiswahili kinaweza kupita mahali ambapo neno lilizaliwa, na nauli yake ni kupiga miguu tu. Hilo halikupatikana kwenye basi la Mombasa.

Mchana tutembee hadi katikati ya jiji. Kila mmoja wetu anajua kukutana na mwenzake "Archives", pale kati ya Barabara ya Moi na Mtaa wa Tom Mboya, karibu na kituo cha Ambassadeur. Tunasimama nje tukingoja watu, tunakula karanga, tunashika mifuko yetu kwa hofu ya wezi. Ni wangapi wameingia ndani? Jumba hilo ndilo Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, na ndani yake mna ukumbi wenye jina la Joseph Murumbi, uliojaa vinyago, nguo, mapambo na vyombo kutoka pembe nyingi za Afrika. Murumbi alikuwa Makamu wa Rais wa pili wa Kenya, mwaka wa 1966, lakini hakukaa hata mwaka mzima katika kiti hicho. Alichokipenda hasa ni kukusanya vitabu na kazi za sanaa, na kabla ya kufa kwake mwaka wa 1990 alihakikisha kwamba sehemu kubwa imebaki nchini. Mtu aliacha mali hiyo kwa ajili yetu, nasi tunaigeuza ukuta wa kuegemea.

Tukitoka hapo, twende hadi mahali Barabara ya Kenyatta inapokutana na Uhuru Highway. Hapo kuna jengo dogo la mawe liitwalo Nairobi Gallery, nalo lilijengwa mwaka wa 1913. (Mwaka huo, ndugu zangu, ulikuwa na baraka za pekee!) Zamani ilikuwa ofisi ya serikali ya kikoloni, ambapo vizazi, ndoa na vifo viliandikwa. Leo ni jumba la sanaa, na sehemu nyingine ya hazina ya Murumbi imo humo. Wachoraji wetu wa chama wachukue kalamu na daftari, wanakili umbo la ngoma, nakshi za nguo, namna ya kofia. Jioni tutayatumia.

Sasa nijibu hoja za wapinzani wangu, maana nimezisikia tayari chini ya mti wakati wa chakula.

Hoja ya kwanza ni kwamba hii si safari, kwa kuwa mahali hapa tunapaona kila siku. Najibu kwamba kupita si kuona. Wakati wa ukoloni Waafrika walipangiwa makao upande huu wa mashariki, karibu na reli na viwanda, na mambo mazuri ya jiji yakawekwa upande mwingine. Uhuru ulipatikana mwaka wa 1963, lakini miguu yetu bado inaifuata ramani ile ya zamani. Tunashuka Tom Mboya, tunanunua tulichotumwa, tunapanda matatu tunarudi. Hakuna askari anayetuzuia kuingia katika jumba la sanaa. Tunajizuia wenyewe, tukidhani mlinzi wa mlangoni atatuuliza tunatafuta nini. Tukiingia pamoja, wote 43, tukiwa na sare zetu, hatauliza.

Hoja ya pili ni kwamba sanaa kubwa haiwezi kutoka mitaa kama yetu. Wanaosema hivyo hawajafika Korogocho, jirani ya jaa la Dandora, ambako vijana wa Ghetto Classics hupiga fidla na tarumbeta. Wala hawajasikia habari za Wajukuu, kundi la wasanii wa Mukuru. Mwaka wa 2022 walialikwa kwenye maonyesho makubwa ya sanaa ya documenta, katika mji wa Kassel, Ujerumani. Wasanii hao waliifunika njia ya kuingilia ukumbini kwa mabati yenye kutu, mabati kama haya tunayoezekea vibanda, na mwaka huo huo wakatunukiwa Tuzo ya Arnold Bode. Wajerumani walipanga foleni kupita chini ya mabati yetu. Sisi tunayapita bure kila asubuhi, tena tukiona haya.

Hoja ya tatu ndiyo nzito. Wengine wanasema mchezo wa nje, watu wa mtaa wakiingia, utaleta fujo. Hapa naomba tukumbuke Kamiriithu, kule Limuru. Mwaka wa 1977 wanakijiji, wengi wao vibarua na wafanyakazi wa viwandani, walijenga wenyewe ukumbi wa wazi usio na paa. Humo waliigiza Ngaahika Ndeenda, yaani Nitaolewa Nikipenda, mchezo uliojaa nyimbo na ngoma, ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Wazee waliwasahihisha waandishi lugha, akina mama wakawafundisha namna nyimbo zilivyoimbwa zamani. Ulianza kuonyeshwa Oktoba, na watu walikuja kutoka mbali. Katikati ya Novemba serikali iliondoa kibali. Tarehe 31 Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa, akazuiliwa karibu mwaka mzima bila kushtakiwa, na mwaka wa 1982 ukumbi wenyewe ukabomolewa. Je, fujo ilikuwa ya nani? Waliojenga ni wanakijiji, na waliobomoa ni wenye mamlaka. Ngũgĩ alifariki mwaka wa 2025 akiwa Marekani, mbali na Limuru, lakini somo la Kamiriithu limebaki: watu wa kawaida wakipewa mchezo ulio wao, huutunza kama mboni ya jicho.

Hata hivyo sipuuzi usalama, kwani tahadhari kabla ya hatari. Napendekeza yafuatayo. Mahema tuazime kwa skauti wa shule. Wasichana walale upande wa madarasa, pamoja na walimu wa kike, nao wavulana upande wa magoli, pamoja na walimu wa kiume. Kila mzazi atie sahihi barua ya ruhusa. Gikomba twende kwa makundi ya watu watano, kila kundi na kiongozi, na pesa za kundi zishikwe na mmoja tu. Opera ianze saa kumi na mbili na nusu jioni, iishe saa mbili usiku, ili majirani wapate kufika na kurudi makwao salama.

Kuhusu gharama, haba na haba hujaza kibaba. Nauli hakuna, tutatembea. Ada ya kuingia katika majumba hayo mawili ilipwe kutoka kwa mfuko wa chama, kwa kila mwanachama bila kuuliza nani anacho na nani hana. Chakula kiwe githeri, kila mtu alete kikombe cha mahindi au cha maharagwe. Ikipikwa katika sufuria moja, hakuna atakayejua punje ipi ilitoka kwa nani. Na mama mmoja wa mandazi ninayemfahamu aombwe atuuzie kifungua kinywa cha asubuhi. Pesa zile zibaki mtaani, zisiende kwenye hoteli za pwani.

Najua wako watakaonuna. Bahari ni bahari, na picha za Gikomba hazipendezi kwenye simu kama picha za mawimbi. Wenzangu walio na uwezo wanaweza kwenda Mombasa na wazazi wao wakati wowote, na nawatakia safari njema. Lakini chama ni cha wote. Kiswahili chenyewe hakikuenea bara kwa sababu watu walipelekwa ziara. Kilienea masokoni, njiani, kambini, pale watu wasio na lugha moja walipolazimika kuelewana. Kwa hivyo soko na kambi ni nyumbani kwa lugha hii kama vile ilivyo pwani.

Ninaomba basi jambo hili liletwe katika mkutano wa chama muhula ujao, tufanye kamukunji yetu, tupige kura. Nitakubali matokeo. Lakini kabla ya kura, kila mmoja ahesabu kwanza ni wangapi watakaobaki.

Kwa jirani yangu wa dawati nina neno moja. Nyimbo za Liyongo zinahitaji mtunzi, nasi hatuna mwingine wa kukufikia. Rudi.

Na kwa Mwalimu Mkuu nina ombi moja tu la heshima. Tukikubaliwa, jioni hiyo lango la shule liachwe wazi.